Gauni la Kihamba

Picha ilipoingia kwenye simu, Aikande aliitazama akiwa amesimama jikoni, mkono mmoja ukikoroga uji. Kaka zake watatu walikuwapo, wake zao, watoto wao kuanzia yule aliyekuwa chuoni mpaka yule aliyekuwa bado anabebwa. Mama yao mzee alikuwa ameketi katikati, na mbele yake alisimama mtoto wa kipaimara katika suti ya kijivu iliyomzidi mabega. Nyuma yao migomba ya Machame ilikuwa imeinamisha majani kana kwamba nayo imealikwa. Chini ya picha kaka mkubwa, Arnold, alikuwa ameandika: "Familia nzima, hakuna aliyekosa. Mungu ni mwema."

Aikande aliwahesabu mara mbili. Kisha akakumbuka kwamba picha ile aliipiga yeye.

Hakuna aliyekuwa amekusudia, na hilo ndilo lililomchoma. Mtu akikusukuma unaweza kusema nimesukumwa, na wazee wakakaa wakalisikiliza shauri. Lakini asiyekuona utamshitaki kwa lipi? Alisogeza kidole aandike neno, akalikosa. Uji ukaungua.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa amepanga vyumba viwili Tengeru, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua upande wa Usa River, kwenye chumba cha baridi ambamo waridi husubiri ndege. Humo alivaa koti zito mchana kutwa ilhali nje watu walikuwa wakijipepea. Hakuwa mtu wa kuchukiwa. Watu walimpenda kama wanavyopenda benchi la barazani: lipo, na likiondolewa itapita wiki kabla mtu hajauliza lilikokwenda.

Kwa hiyo kadi ya mwaliko ilipomfikia kazini, ya jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa ya msimamizi wake Reginald na mkewe Joyce, Aikande hakulifikiria gauni lake la kila sherehe, la bluu lenye kola nyeupe. Jumamosi alishika njia akaenda Levolosi, kwenye duka la Swabaha.

Swabaha alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mzaliwa wa Arusha ambaye wazazi wake walitoka Pangani. Aliuza mtumba, lakini mtumba wa kuchagua, uliopigwa pasi na kuning'inizwa. Aikande alikwisha kupapasa nusu ya nguo za dukani pale mkono wake ulipogota kwenye kitu kizito, baridi, kinachoteleza.

"Hilo liache, dada," Swabaha alisema bila kuinuka. "Hilo si gauni la kuingia nalo mahali kimya kimya."

Lilikuwa gauni la jioni la hariri nyeusi, refu hadi kwenye vifundo vya miguu. Juu ya weusi ule yalitanda majani ya mgomba, kila moja urefu wa mkono wa mtu mzima, kijani cha kuumiza macho. Penye nyonga lilining'inia ua la mgomba, jekundu la damu ya mzee, kubwa kama ndoo. Ndani ya shingo kulishonwa jina la mbunifu wa Italia ambalo Aikande alijaribu kulitamka akaliacha njiani.

Akacheka peke yake. Mgomba! Mama yake alikata majani kama yale kila jioni akayabeba kichwani kuwapelekea ng'ombe. Na huko ng'ambo mtu ameketi mezani akayachora, mwingine akayavaa akaenda kula chakula cha kifahari.

"Lilitoka kwenye robota la mitumba?" akauliza.

"Robota gani? Lililetwa mkononi, limekunjwa ndani ya shuka safi. Mwenyewe hakulia. Wengine wakiniletea nguo nzuri huwa wanalia kidogo, tunabembelezana, yanakwisha. Yule hakulia. Nikamwonea huruma."

"Nani huyo?"

"Siuzi majina, dada yangu. Lijaribu basi, kama umeamua."

Alilijaribu nyuma ya pazia. Lilimkaa mabegani kama mtu aliyemfahamu zamani. Kiunoni palihitaji kupunguzwa kidogo tu. Mwanamke aliyemtazama kutoka kwenye kioo hakuwa wa kuombwa apige picha za wengine. Bei ilimuuma, akalipa.

*

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi mmoja wa Njiro, saa kumi na moja jioni. Aikande alipovuka mlango aliona vichwa vikigeuka, meza baada ya meza, kama upepo unavyopita juu ya shamba la ngano. Moyo ukampaa. Hajakaa vizuri, mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo aliinuka kule mbele akamjia mikono wazi, uso umemng'aa.

"Kihamba! Kihamba kimerudi! Fransiska, mama yangu, ulikuwa..."

Alipofika karibu, mikono ikashuka.

"Ah. Samahani, binti. Nilidhani ni mtu mwingine."

"Shikamoo, mzee," Aikande alisema.

"Marahaba. Mimi naitwa Godwin. Hilo gauni..." Aliligusa jani moja mkononi kwa ncha ya kidole. "Hili tuliliita Kihamba. Maana mwenyewe alikuwa akisema, wengine wanaacha kihamba, shamba la migomba la ukoo, mlimani kwa babu zao, mimi changu natembea nacho. Fransiska. Mama Kamati. Wewe humjui Mama Kamati?"

Hakumjua. Lakini kabla ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, haijaingia ukumbini, alikuwa amemjua. Wageni walimfuata mezani mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Walimtoa kule nyuma karibu na spika, wakamketisha mbele. Walimshika mkono wa gauni wakisimulia. Kwa miaka ishirini, walisema, hapakuwa na harusi ya maana Arusha mjini ambayo Fransiska hakuiongoza kamati yake. Ndiye aliyewapatanisha wakwe waliotaka kurudishiana mbuzi mlangoni pa kanisa. Siku wapishi walipokimbia, aliingia jikoni na gauni hilihili, akajifunga kanga juu yake, akamenya ndizi za watu mia tatu, kisha akatoka akatoa hotuba iliyowaliza wanaume. Na harusi ya Reginald na Joyce wenyewe, hii inayosherehekewa leo, mwenyekiti alikuwa nani? Yeye.

"Yuko wapi siku hizi?" Aikande aliuliza.

"Nilisikia anaumwa," alisema mmoja.

"Mimi nilisikia binti yake alimchukua Norwei."

Mzee Godwin alitikisa kichwa taratibu. "Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani amekwisha kufariki."

Joyce, bibi harusi wa miaka ishirini na mitano, alimvuta Aikande katikati ya kundi. "Njoo tupige picha tumtumie! Atafurahi sana akiliona gauni lake. Nani ana namba yake?"

Simu zilitolewa, vidole vikapanda na kushuka. Namba waliyokuwa nayo wote ilikuwa moja, na haikupatikana. Picha ikapigwa hivyo hivyo. Muziki ukapandishwa, kila mtu akarudi kwenye sahani yake, na Aikande akabaki amesimama pale mbele, akielewa polepole kwamba usiku mzima hakuna aliyezungumza naye. Walizungumza na majani ya mgomba. Yeye alikuwa kiango cha kuyatundikia tu. Ajabu ni kwamba hakujionea huruma kama alivyotazamia. Alikuwa akimfikiria yule mwanamke aliyelikunja gauni ndani ya shuka safi, bila kulia.

*

"Nilikwambia siuzi majina," alisema Swabaha.

"Jina ninalo. Nataka njia."

Swabaha aliiweka pasi chini. "Ngaramtoni. Ukipita soko, panda kama unaelekea msituni. Geti la kijani, mlangoni pana mti wa parachichi. Usimwambie ni mimi. Au mwambie, basi."

Jumapili baada ya ibada Aikande alikwenda, gauni likiwa ndani ya mfuko. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi mabegani. Alipopiga hodi ilisikika fimbo ikigonga sakafu, polepole, na komeo likafunguliwa.

Fransiska alikuwa mrefu hata sasa. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeteremka, na mkono wa kulia aliushikilia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Shikamoo, mama."

"Ma-ra-haba." Maneno yalimtoka moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba. "Karibu. Sema... sema shida yako. Mimi siendi haraka."

Aikande alijieleza, akalitoa gauni akaliweka mapajani pa mama yule. Fransiska hakuligusa.

"Limechanika?"

"Hapana, mama."

"Halikutoshi?"

"Linanitosha."

"Basi unarudisha nini? Niliuza. Sikuazimisha." Alipumzika, akameza mate. "Na mimi mwenyewe... nililinunua limevaliwa. Oslo, nilipomtembelea Evelyn, binti yangu. Duka la mitumba. Arusha nzima ilidhani... jipya." Upande mzima wa mdomo wake ukatabasamu. "Ulilivaa wapi?"

"Kwenye jubilei ya Reginald na Joyce."

Palikuwa na kuku uani, wakasikika wakiparura. Fransiska aligeuza uso akatazama dirishani.

"Tayari miaka ishirini na mitano," alisema mwishowe. "Mvua ilinyesha siku ile. Nilikodi turubai... Nani alitoa neno la kamati?"

"Hakuna aliyetoa, mama. MC aliruka moja kwa moja kwenye chakula."

"Ah, hapo walikosea." Kisha kwa sauti ndogo kabisa: "Walisemaje waliponiona?"

Aikande aliusikia ulimi ule ulivyoteleza, na Fransiska mwenyewe hakuusikia. Waliponiona. Angeweza kusema ukweli, na ukweli ulikuwa mwingi na haukuwa mbaya wote. Lakini jicho lile moja lililofunguka vizuri lilikuwa limemkazia kama jicho la mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

"Walifurahi sana," alisema. "Wote walikuulizia. Mzee Godwin, Joyce, wote. Wanakusalimu." Na kwa kuwa uso ule ulikuwa ukichangamka mbele yake kama mkaa unaopepewa, akaongeza: "Wamesema watakuja kukuona."

"Lini?"

"Jumapili. Jumapili ijayo."

Neno lilikwisha kutoka. Fransiska alijiinua kwa fimbo, akaanza kutembea chumbani, na sasa maneno yakawa yanagongana mlangoni pa kinywa. Viti vipo, kumi na viwili, stoo. Chakula machalari: ndizi mshare zilizopikwa na nyama ya mbavu. Watu waje saa saba, wasichelewe kama kawaida yao. Miaka minne, alisema, miaka minne hakupika kwa ajili ya mtu. Wenzake wa zamani walipokuwa wakimpigia simu, walimsikia anavyoongea, wakanyamaza. Akaona aibu, akaizima ile namba. Evelyn hupiga kila Jumamosi kwenye namba mpya, lakini naye huwa hasikii vizuri. "Anasema mtandao mbaya. Si mtandao. Ni mdomo." Akacheka kicheko cha upande mmoja. "Miaka yote nilikuwa mtu wa harusi. Sasa nimekuwa mtu wa kiharusi."

Mlangoni alimrudishia Aikande mfuko. "Uje umelivaa. Nataka niwaone... wakikuona."

*

Wiki ile Aikande alipiga simu kuliko alivyowahi kupiga katika mwaka mzima. Alikuwa akitoka kwenye chumba cha baridi wakati wa chai, akivua glavu, akiongea huku vidole bado vimekufa ganzi. Joyce alilia kwenye simu. Mzee Godwin alimshukuru Mungu mara tatu. Reginald alimwita ofisini akamwambia hili si jambo la mtu mmoja, ni jambo la kamati, na kabla ya saa sita kundi la WhatsApp likawa limefunguliwa, likaitwa Tumwone Mama Yetu. Watu sitini na watatu wakaingizwa. Mikono ya sala ikamiminika.

Jumanne wakachagua mwenyekiti. Jumatano wakabishana kuhusu sare: kitenge au fulana zenye sura yake? Alhamisi mtu akakumbusha kwamba Jumapili kuna mavuno kanisani, mwingine ana msiba Rombo, na si vizuri kwenda wachache, itaonekana dharau. Ijumaa mwenyekiti akaandika kwamba ili jambo lifanyike kwa heshima, safari isogezwe hadi baada ya Pasaka.

Aikande aliandika: "Mama anatusubiri Jumapili hii. Amekwisha kujiandaa." Alikaa kitandani akitazama alama za kusomwa zikiongezeka. Watu hamsini na wanne waliusoma ujumbe wake. Mmoja alijibu kwa kumwekea ua.

Ulikuwa uongo wake. Hakuwa na wa kumtwisha.

Jumapili saa sita mchana watu wa Ngaramtoni walimwona mwanamke aliyekaa kiupande kwenye bodaboda, amejitanda shuka kubwa la kimasai, na chini ya shuka majani ya hariri yakipigwa na upepo. Akina mama waliokuwa wakiuza viazi waliacha kazi wakamtazama. Zamani kidogo angetamani ardhi ipasuke. Leo hakuwa na nafasi ya kuona haya, maana alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalimporomoka.

Geti lilikuwa wazi. Barazani viti kumi na viwili vilisimama katika safu mbili, vimepanguswa, na mbele yake meza yenye kitambaa cheupe. Harufu ya machalari ilitoka jikoni. Fransiska alikuwa amevaa blauzi ya maua na hereni. Alimtazama Aikande kutoka chini hadi juu, kisha akatazama nyuma yake, njiani, ambako vumbi la bodaboda lilikuwa likitua.

"Wengine wanapaki?"

"Mama," Aikande alisema. Yale maneno aliyoyapanga hayakuwapo hata moja. "Hakuna wengine. Nilikudanganya. Walikuulizia kweli, kwa mapenzi kabisa, ila hakuna aliyesema atakuja. Hilo niliongeza mimi. Wiki hii nimewaita, wameunda kamati."

Fransiska alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye. Alianza kulainisha kitambaa cha meza kwa mkono wake mzima, akiondoa mkunjo ambao haukuwapo.

"Nimeamka saa kumi," alisema. "Ndizi kwa mkono mmoja... unajua zinamenywaje?"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha bado. Niambie walichosema. Godwin alisema nini? Neno kwa neno. Usiongeze chumvi."

Aikande alifumba macho. "Alisema alidhani umekwisha kufariki."

Mkono ulisimama juu ya kitambaa. Mabega ya Fransiska yakaanza kutikisika, na Aikande akapiga hatua mbele kwa hofu, kabla hajatambua kwamba mama yule anacheka. Alicheka mpaka machozi yakateremka, jicho moja haraka, jingine kwa kuchelewa.

"Godwin!" alisema alipopata pumzi. "Alidhani nimekufa... na mazishini hakuja!"

Hapo Aikande naye akashindwa kujizuia. Walicheka pamoja barazani, mbele ya viti vitupu. Aikande akaomba kanga, akajifunga juu ya gauni, akaingia jikoni, akapakua. Walikula bila haraka. Aliulizwa habari za waridi, na chumba cha baridi, na kwa nini hakuolewa, na ndugu zake wa Machame. Akajibu yote, hata yale ambayo hakujua kuwa ana majibu yake. Sufuria ilibaki imejaa zaidi ya nusu.

Baadaye ubaridi wa mlima ulipoanza kushuka, Aikande aliinuka akashika kiti cha kwanza akirudishe stoo.

"Kiache," Fransiska alisema. "Vyote viache kwanza. Daktari aliniagiza... nisome kwa sauti kila siku. Niongee na watu. Nikamwuliza, watu gani? Kuku?" Alijiinua kwa fimbo, akatembea hadi mbele ya meza, akageuka akaikabili baraza. "Kaa. Si hapo nyuma. Nenda mbele."

Aikande alivua kanga, akaketi kwenye safu ya kwanza, kiti cha katikati.

Fransiska alinyoosha mgongo. Alitazama viti vyote kumi na viwili, kulia hadi kushoto, kama mtu anayehakikisha kwamba wakwe wameketi panapostahili.

"Ndugu," alianza. "Ndugu... wageni..."

Neno la tatu likakwama. Midomo ililitafuta, upande mmoja ukifanya kazi ya pande mbili. Nje ya geti mtu alipita na ng'ombe wake akipiga mluzi. Aikande alilijua neno lile, hakuna mtu Arusha asiyelijua, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Hakulimalizia. Aliweka mikono juu ya mapaja, juu ya majani mapana ya hariri, akasubiri.